Zamzam, Meli Iliyokuwa Ilete Wageni Iramba

Kwetu Iramba ukisema "timu ya misheni" kila mtu anaelewa kitu kimoja: wageni wanakuja. Uwanja wa kanisa unafagiliwa mpaka vumbi linaisha, kwaya zinaambiwa zifue sare, na kuku wa Singida, ambao sifa yao imefika hata Dar es Salaam, wanaanza kutembea kwa wasiwasi. Wageni wanafika na kofia zao na chupa za maji, wanapiga picha, wanalia siku ya kuagana, wanaondoka. Ndivyo tulivyozoea. Safari inatoka kwao kuja kwetu.

Mara moja tu nimeona mambo yakigeuka. Usharika mmoja wa ng'ambo ulitualika tupeleke vijana. Jina langu likawa kwenye orodha. Nikasafiri kwa basi hadi Dar es Salaam na bahasha ya karatasi kwapani: barua ya mwaliko, barua ya mchungaji, cheti cha kuzaliwa, hata picha ya shamba la alizeti la baba, maana niliambiwa ni lazima uonyeshe kwamba una kitu cha kukurudisha nyumbani. Dirishani niliulizwa maswali matatu, pasipoti ikasukumwa nyuma chini ya kioo. Basi. Wenzangu wakaenda, mimi nikapanda basi la kurudi. Kutoka Manyoni mpaka Ikungi nilikuwa naangalia mawe tu ya njiani na kujiuliza: hivi wao walitufikiaje? Nani aliwauliza maswali dirishani?

Ndugu msomaji, swali hilo la hasira ndilo lililonifikisha kwenye habari ya meli ya Zamzam. Nimekulia katika kanisa hili, nimefundishwa kipaimara, nimeimba mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyewahi kunisimulia.

Tuanze nyuma kidogo. Waliotangulia kuleta Ulutheri Iramba ni Wajerumani wa misheni ya Leipzig, waliokuwa na makao Kilimanjaro. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walifungua kituo Ruruma. Vita vikaja, Wajerumani wakashindwa, wamisionari wao wakafukuzwa nchini. Nafasi yao ikaja kuchukuliwa na Waamerika wa Sinodi ya Augustana, kanisa lililoundwa mwaka 1860 na wahamiaji wa Kiswidi waliovuka bahari kwenda kutafuta ardhi Marekani. Kwa hiyo hawa wageni wetu walikuwa wenyewe wajukuu wa wasafiri wa meli. Mwanzoni walisaidia Kilimanjaro, na Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, Waamerika wakapewa Iramba-Turu mwaka 1926. Hapo ndipo majina kama Kiomboi, Kinampanda, Iambi na Ushora yalipoanza kusomwa makanisani Minnesota na Kansas, kwa watu ambao hawakujua hata jina la mto mmoja wa huku.

Kati ya waliokuja miaka hiyo ni Ralph Hult, mmoja wa Waamerika wa Augustana wa kwanza kabisa kufika Tanganyika, George N. Anderson, aliyekuwa kiongozi wao, na Elmer Danielson, aliyefika mwaka 1928.

Septemba 1939 vita vikazuka tena, na historia ikajirudia. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na serikali ya Kiingereza na kuwekwa kizuizini. Safari hii hawakuwa wa eneo moja. Leipzig walikuwa Kaskazini, Bethel walikuwa Usambara na Bukoba, Berlin walikuwa Uzaramo na Nyanda za Juu Kusini. Makanisa yote hayo yakabaki bila wale waliokuwa wakishika mifuko ya fedha na mihuri. Wazungu waliyaita "misheni yatima". Neno hilo mimi silipendi, nitalirudia baadaye. Augustana, kikundi kidogo cha huku Iramba na Turu, wakaombwa wayaangalie yote. Yaani watu wachache waliozoea kwenda Kiomboi na kurudi Singida, ghafla wanapewa nchi iliyo kubwa kuliko Ujerumani yenyewe! Danielson akatangulia kurudi Tanganyika peke yake. Mke wake, Lillian, akabaki Kansas na watoto sita, akisubiri meli.

Meli iliyopatikana ilikuwa Zamzam. Msomaji Mwislamu atakuwa ameshatabasamu. Ndiyo, ni jina la kile kisima cha Makka. Meli ilikuwa ya Misri, kuukuu, imeundwa mwaka 1909 kwa ajili ya Waingereza ikiitwa Leicestershire, na ilipofika mikononi mwa Wamisri ikawa inabeba mahujaji. Sasa mwaka 1941 ikapakia Walutheri, Wabaptisti, mapadri wa Kikatoliki na wengine wa madhehebu mengi, wote wanakwenda Afrika kuhubiri, ndani ya meli yenye jina la maji ya hija. Sidhani kama yupo aliyepanga jambo hilo. Vita vilikuwa vimeondoa meli nyingi baharini, na mwenye haraka hachagui.

Ilikuwa na watu zaidi ya 300, abiria wakiwa kama 200, na zaidi ya nusu ya abiria walikuwa wamisionari na familia zao. Kulikuwa pia na vijana 24 wa Kimarekani madereva wa magari ya wagonjwa, wakielekea kusaidia majeshi ya Waingereza, na magari yao yakiwa ndani ya meli. Misri ilikuwa haijatangaza vita. Marekani nayo ilikuwa bado nje ya vita. Kwa hiyo abiria wengi walijiona salama, ingawa nahodha, Mskoti aitwaye William Gray Smith, alikuwa akisafiri usiku taa zimezimwa.

Iliondoka New York tarehe 20 Machi 1941. Ikapita Baltimore, Trinidad, kisha Recife nchini Brazili, halafu ikaelekeza pua Cape Town. Kutoka hapo Waamerika wetu wangepanda kuja Tanganyika, kisha treni ya reli ya kati, kisha lori, na ndipo Iramba.

Alfajiri ya tarehe 17 Aprili mizinga ikaanza kulia. Meli ya kivita ya Kijerumani, Atlantis, iliyokuwa imejigeuza kama meli ya mizigo ya Kinorwei, iliikuta Zamzam katika Atlantiki ya Kusini. Nahodha wake, Bernhard Rogge, aliona milingoti minne, umbo la meli za Kiingereza za zamani, na hakuna taa. Akaamini ni meli ya adui. Makombora yakapiga ubavu na vyumba, watu wakakimbilia mashua wakiwa na nguo za kulalia.

Hapa ningeomba msomaji asimame kidogo na yule mama. Watoto sita. Mdogo kabisa bado wa kubebwa. Lillian Danielson aliwaingiza watoto wote katika mashua, mashua ikajaa maji, na wakajikuta baharini, wanaelea kwa majaketi ya kuokolea, mama anahesabu vichwa kati ya mawimbi. Mimi nilipojifunza kuogelea Ziwa Singidani, maji yalipofika kifuani tu nilikuwa nimeshamwita mama. Wote saba waliokolewa. Kwa kweli watu wote waliokuwa ndani ya Zamzam walitolewa majini wakiwa hai, maana Rogge alipogundua kosa lake aliamuru waokotwe. Abiria mmoja wa Kimarekani, mnunuzi wa tumbaku, alikufa baadaye kwa majeraha. Zamzam ikalipuliwa ikazama, pamoja na vitabu, dawa, nguo na masanduku yote yaliyoandikwa majina ya vituo vya Afrika.

Angalia sasa mambo ya dunia yalivyo. Hawa Waamerika wa Augustana walikuwa wanakuja kuchunga makundi yaliyoachwa na Wajerumani. Wamelipiwa na sadaka za wakulima ili kazi ya Leipzig na Berlin na Bethel isife. Na aliyewazamisha ni Mjerumani. Walutheri kwa Walutheri, bwana.

Kuna mpiga picha wa gazeti la Life, David Scherman, aliyekuwa kati ya abiria. Akiwa ndani ya mashua alipiga picha ya ile Atlantis. Filamu nyingine Wajerumani walizichukua, lakini nyingine akazificha ndani ya tyubu za dawa ya meno na sabuni ya kunyolea. Picha zikatolewa gazetini, Waingereza wakaitambua meli, na tarehe 22 Novemba 1941 manowari yao Devonshire ikaizamisha. Habari hiyo inasimuliwa sana, na ni tamu. Ila mimi inanivutia kidogo tu, kwa sababu kisa kikubwa kiko kwenye pasipoti.

Siku ya pili waliookolewa walihamishiwa meli ya mizigo, Dresden. Wanawake na watoto wakapewa vyumba, wanaume wakashushwa tumboni mwa meli. Wakazunguka baharini zaidi ya mwezi, chakula kibaya, huku wakijua kwamba manowari ya Kiingereza ikiwaona itawazamisha bila kujua kuna watoto. Tarehe 20 Mei wakafika Saint-Jean-de-Luz, Ufaransa, nchi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Na hapo ndipo kila mtu alipoulizwa: wewe wa taifa gani?

Wamarekani wengi, wamisionari na watoto wao, wakaruhusiwa kupita Hispania hadi Ureno, na kutoka Lisbon wakapanda meli kurudi New York. Kufikia katikati ya mwaka 1941 familia ya Danielson ilikuwa imerudi Kansas. Lakini Waingereza na Wakanada, watu waliokuwa wamelala tumbo moja la meli, wamekula supu moja, wameomba sala moja, wakapelekwa vizuizini Ujerumani. Hati ya kusafiria ndiyo iliyoamua. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kioo cha dirishani na mkono unaosukuma kitabu changu. Tofauti ni kubwa sana, najua, mimi nilirudi kula ugali nyumbani. Lakini tangu siku hiyo sijamwamini mtu anayesema kwamba katika kazi ya Bwana hakuna taifa.

Halafu kuna Wamisri. Karibu masimulizi yote ya Wamarekani yanawalaumu mabaharia wa Kimisri kwamba walikimbilia mashua kwanza na kuwaacha abiria. Huenda ni kweli, hofu haina dini. Lakini masimulizi hayo yameandikwa na upande mmoja. Abiria wa Augustana walitoa kitabu chao mwaka huo huo wa 1941, na hata miaka ilipopita binti wa Danielson, Eleanor Anderson, akaandika kitabu kingine kuhusu kuokolewa kwa familia yao. Ni haki yao kuandika, na wanaandika kwa moyo. Mpishi wa meli kutoka Aleksandria hakupata mchapishaji.

Sasa turudi huku Tanganyika, ambako masimulizi hayo hayafiki. Zamzam ilitarajiwa Cape Town katika wiki hizo za Aprili. Haikuonekana. Zaidi ya mwezi mmoja dunia haikujua iko wapi, hadi Wajerumani wenyewe walipotangaza kwamba abiria wako hai. Hebu mfikirie Elmer Danielson, mtu mmoja katikati ya nchi, akiwa na makanisa ya watu wengine mikononi, na mke na watoto sita hawasikiki. Na bado Jumapili inafika, lazima apande mimbarani.

Lakini Jumapili ilifika pia katika vijiji ambavyo Danielson hakuweza kufika. Hili ndilo ninalotaka kulisema, na nitalisema bila kuzunguka. Wageni hawakuja, na kengele ziliendelea kupigwa. Nani alizipiga? Walimu na wainjilisti. Ile misheni ya Iramba-Turu, kama misheni zote za wakati ule, ilikuwa imesimama juu ya shule ndogo za vijijini: banda la miti na nyasi, mwalimu mmoja, ubao mmoja, watoto wanasoma asubuhi, na Jumapili banda hilo hilo ni kanisa. Mwalimu huyo analipwa kidogo, mara nyingine halipwi. Mzungu alikuwa anapita kukagua kwa nadra. Alipopelekwa Kilimanjaro au Usambara kuangalia makanisa ya Wajerumani, hata hiyo nadra ikapungua.

Ndiyo maana nasema silipendi neno "yatima". Yatima ni asiye na wazazi. Makanisa yale yalikuwa yamejaa wazee. Babu yangu, aliyekuwa mtoto wa shule siku zile, alikuwa akituambia: "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa hatumsubiri mzungu, tulikuwa tunamsubiri mwalimu, na mwalimu alikuwa anakuja kwa miguu." Akisema "kwa miguu" alikuwa anainua mguu wake na kutuonyesha kisigino. Kutoka kijiji hadi kijiji, katika uwanda ule wa Iramba, jua la Oktoba, na ukishuka bonde la Wembere ni joto na mbung'o. Safari hizo hazikuwa na mpiga picha wa Life.

Na wala si kwamba watu wa Singida hawakusafiri. Walisafiri sana. Wanyaturu na Wanyiramba walikwenda Tanga kukata mkonge, manamba, mtu anapewa namba shingoni na jina lake linabaki nyumbani. Na vita vilipopamba moto, vijana wa Tanganyika wakavuka bahari wakiwa askari wa KAR, hadi Madagaska, hadi Burma. Hiyo ndiyo ilikuwa timu yetu ya ng'ambo. Nani aliwauliza viza?

Nitatoa mfano mmoja. Tarehe 12 Februari 1944 meli nyingine iliyokuwa ya Misri, Khedive Ismail, ilikuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo imebeba wanajeshi na wauguzi, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Karibu na visiwa vya Maldivi nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300. Meli za Kiingereza zilizokuwa zikiilinda, katika kuitafuta nyambizi, zilirusha mabomu ya majini pale pale palipokuwa na watu wanaogelea. Sikusudii kulinganisha machozi ya mama wa Kansas na ya mama wa Afrika Mashariki. Nasema tu kwamba wale watoto sita wa Zamzam tunawajua kila mmoja kwa jina na umri, na hilo ni jema, na ndivyo ilivyopasa kuwa kwa kila mtu.

Kuhusu Ralph Hult lazima niwe mwaminifu, maana si haki kuwacheka wageni wote kwa kofia zao. Huyu alikuwa ndani ya Zamzam, akashushwa tumboni mwa Dresden, akarudishwa Marekani, kwa mke na watoto kumi. Mtu mwingine angesema Mungu amenipa dalili, nibaki. Hult alianza tena safari mwaka 1942, wakati Marekani yenyewe imeshaingia vitani na bahari ni mbaya kuliko mwanzo. Akafika Tanganyika. Mwaka 1943 akafia Dar es Salaam. Kukaa kwake hakukufika hata miaka miwili baada ya mateso yote yale. Nikifikiria maswali yangu matatu ya dirishani mbele ya safari ya mtu huyu naona haya kidogo. Kidogo tu.

Vita vilipokwisha mambo hayakurudi kama zamani. Waliobaki na makundi miaka ile hawakuwa tayari kurudi nyuma ya mlango na kusubiri kuitwa. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa 7 ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, na kiongozi wake wa kwanza akawa Mwafrika, Stefano Moshi wa Kaskazini. Moja ya makanisa hayo 7 lilikuwa la Tanganyika ya Kati, yaani sisi, ambao leo ni Dayosisi ya Kati yenye makao Singida mjini. Jambo la kuchekesha ni kwamba Augustana yenyewe, waliotutuma watu kwa Zamzam, waliungana na wenzao Marekani mwaka 1962 na jina lao likafutika. Kanisa lililozaliwa lilipata jina mwaka mmoja baada ya mzazi kupoteza la kwake. Ukienda Minnesota leo ukiuliza Sinodi ya Augustana utaelekezwa kwenye maktaba. Ukienda Iambi, Wilaya ya Mkalama, utakuta hospitali ina foleni. Na Kinampanda wanafunzi wa ualimu bado wanapita na madaftari, ingawa chuo ni cha serikali na wengi wao hawajui kilianzia wapi.

Wenzangu walirudi kutoka safari yao baada ya wiki tatu. Waliniletea fulana na picha. Katika picha moja wamesimama mbele ya kanisa la matofali mekundu, wamevaa makoti ya kuazima yanayowazidi mikono, na nyuma yao wazee wa Kizungu wamebeba sahani za chakula, wana wasiwasi usoni kama sisi siku ya wageni.

Mwenyekiti wa vijana ameniambia Julai timu yao inakuja. Watu 12. Mimi nimewekwa kwenye kamati ya chakula, na nimeomba nipewe dakika 20 jioni ya kwanza, baada ya kwaya, niwasimulie wote, wageni na wenyeji, habari ya Zamzam. Wamekubali, ila wameniambia kwanza nihakikishe kuku wanatosha.